Maelezo ya Kusakinisha Programu Yapangwe

Ofisi moja ya umma, ambayo hatuna haja ya kuitaja, ilikwama kazi wiki mbili kwa sababu ya kurasa nne za maandishi. Mtumishi aliyeunda programu ya hesabu za ghala alikuwa amepata uhamisho. Kompyuta ikaharibika, ikanunuliwa mpya. Nao wenzake wakafungua maelezo aliyowaachia. Ukurasa wa kwanza uliwaagiza wasakinishe maktaba za programu. Agizo la kuunda mazingira pepe, lililostahili kutangulia, lilikuwa ukurasa wa tatu, chini ya picha. Walifuata walivyoandikiwa, nayo kompyuta ikawakatalia. Kwani Debian 12, mfumo uliotoka mwaka 2023, kwa kawaida haukubali maktaba zisakinishwe kwa pip nje ya mazingira hayo.

Hatumlaumu sana mtumishi yule. Aliandika kwa kadiri alivyokumbuka, si kwa kadiri msomaji atakavyotenda.

Yafaa ieleweke kwamba programu za Python, lugha ya kompyuta aliyoitoa Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, huegemea maktaba za watu wengine, na kila maktaba ina matoleo yake. Programu mbili katika kompyuta moja zaweza kutaka matoleo yasiyopatana. Ndiyo maana Python 3.3 ya mwaka 2012 ilikuja na chombo kiitwacho venv, kinachoipa kila programu folda yake, mfano wa nyumba ambayo kila mpangaji ana chumba na ufunguo wake.

Kwa hiyo maelezo hayana budi kuanza na toleo la Python linalotakiwa, kisha amri ya kuunda mazingira, kisha ya kuyawasha. Hapo tu ndipo zifuate maktaba, kutoka orodha ya requirements.txt inayotaja kila toleo kwa nambari yake. Amri ya kuwasha katika Windows si ile ya Linux. Waandishi wengi huzichanganya katika aya moja. Sisi twasema kila mfumo uandikiwe njia yake kamili, hata kama maneno yatajirudia.

Lipo linalotuhusu hasa sisi wa visiwani. Wengi hudhani yatosha kunakili folda ya mazingira kwenye flashi. Haifai, kwani ndani yake mmeandikwa anwani za mafaili ya kompyuta ile ya kwanza. Kinachosafirishwa ni orodha, pamoja na maktaba zilizopakuliwa kwa amri ya pip download katika kompyuta yenye mfumo na toleo lile lile la Python. Flashi hiyo ikivuka kwa boti kutoka Unguja hadi Pemba, kazi itafanyika bila intaneti. Maelezo yaseme hivyo waziwazi.

Kwa wakuu wa idara tuna ombi. Programu isipokelewe, wala fundi asilipwe malipo ya mwisho, mpaka mtumishi asiyeshiriki kuiunda akae peke yake mbele ya kompyuta tupu, maelezo mkononi, aisakinishe hata ifanye kazi. Kila atakapokwama pasahihishwe siku hiyo hiyo, na tarehe iandikwe juu ya ukurasa.