Kwa nini kampuni zinaogopa kusasisha programu zao za biashara?

Kusasisha WhatsApp kwenye simu ni jambo la dakika moja. Unabonyeza, unasubiri kidogo, unaendelea na soga zako.

Sasa kwa nini kampuni yenye idara nzima ya Tehama na bajeti nono ichukue mwaka mzima, wakati mwingine zaidi, kuhamisha programu yake ya mahesabu kutoka toleo la zamani kwenda jipya?

Jibu fupi ni hili: WhatsApp yako ni ileile ya jirani yako. Programu ya kampuni si ileile ya kampuni nyingine yoyote, kwa sababu mafundi wameichokonoa kwa miaka mingi hadi hata aliyeitengeneza asingeitambua.

Hapa tunazungumzia zile programu kubwa zinazounganisha mauzo, stoo, manunuzi, mishahara na mahesabu sehemu moja. Wataalamu huziita ERP. SAP ya Ujerumani na Oracle ya Marekani ndizo zinazotajwa sana kwenye mashirika makubwa. Kwa biashara ndogo na za kati, Odoo ya Ubelgiji nayo imepata watumiaji wengi.

Yote huanza na ombi dogo

Chukulia muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi Kariakoo aliyeanza na Odoo toleo la 12. Mwezi wa kwanza anataka malipo ya M-Pesa na Airtel Money yajiingize yenyewe kwenye akaunti ya mteja. Fundi anamwandikia.

Halafu inahitajika risiti ya kodi ya TRA itoke moja kwa moja bila karani kuandika mara mbili. Fundi anaandika tena. Kisha bosi anasema mteja akivuka kikomo cha mkopo, mzigo usitoke stoo mpaka yeye mwenyewe aruhusu. Mhasibu naye anataka ripoti yake ya Ijumaa, ikae vilevile alivyozoea kuiona kwenye Excel.

Kila ombi lina mantiki yake. Hakuna aliyekosea. Lakini baada ya miaka mitano kuna viraka 30 au 40, fundi wa kwanza keshahamia kazi nyingine, na hakuna karatasi hata moja inayoeleza kipi kinafanya nini.

Kuna tofauti kubwa hapa ambayo wenye biashara wengi hawaambiwi siku ya kwanza. Marekebisho mengine ni kama kujenga banda uani: nyumba inabaki kama ilivyo, na siku ukitaka kuikarabati, banda halikusumbui sana. Mengine ni kubomoa ukuta wa ndani na kupitisha bomba palipokuwa na nguzo. Yote mawili siku ya kwanza yanafanya kazi sawasawa. Na mara nyingi la pili ndilo la bei rahisi, maana fundi anamaliza kwa siku moja badala ya wiki.

Toleo jipya linapokuja, ndipo unapojua ulijengewa lipi.

Nini hasa kinavunjika?

Mfano mzuri ni Odoo yenyewe. Hadi toleo la 12, ankara za mauzo zilikuwa na sehemu yake ndani ya mfumo, na maingizo ya kihasibu yalikuwa na sehemu nyingine. Toleo la 13, lililotoka 2019, likaziunganisha sehemu hizo mbili kuwa moja. Kwa mtumiaji wa kawaida ulikuwa uamuzi wa maana. Kwa yule muuzaji wa Kariakoo ni balaa: kile kiraka cha risiti za TRA kilikuwa kinachukua ankara kutoka sehemu ambayo sasa haipo. Kinabisha hodi kwenye nyumba iliyovunjwa.

Toleo la 17 la mwaka 2023 nalo likaondoa namna ya zamani ya kuficha na kuonyesha visanduku kwenye fomu. Fomu zote zilizorekebishwa kwa mtindo ule ilibidi ziandikwe upya, moja baada ya nyingine.

Kwenye SAP hali ni ileile, ila kwa ukubwa wa kutisha. Toleo lao la zamani, ECC, liliruhusu namba ya bidhaa yenye herufi zisizozidi 18. Mfumo mpya, S/4HANA, uliozinduliwa 2015, umeongeza uwezo huo hadi herufi 40. Inasikika kama habari njema, na ni njema. Lakini kampuni iliyojiandikia programu zake yenyewe, zikiwa zimetenga nafasi 18 tu, inaweza kujikuta na namba zilizokatwa mkia. Na namba mbili zikikatwa mkia, bidhaa mbili tofauti zinaweza kuonekana kuwa moja.

S/4HANA pia haikuacha mteja na msambazaji wawe na mafaili tofauti kama zamani. Wote sasa wanaandikishwa kama mshirika wa biashara. Programu yoyote ya ndani iliyozoea utaratibu wa zamani lazima iangaliwe upya.

Kosa lisilopiga kelele

Programu ikigoma kabisa, hiyo ni nafuu. Kila mtu anaona, fundi anaitwa. Hatari ni ile inayoendelea kufanya kazi huku ikitoa majibu ya uongo.

Halmashauri ya Jiji la Birmingham, Uingereza, inalijua hili. Ilikuwa ikitumia SAP tangu 1999, ikiwa imerekebishwa kwa miaka kuendana na taratibu zake. Ikaamua kuhamia Oracle, na mfumo mpya ukawashwa Aprili 2022. Hapa haikuwa kubadili toleo tu, ilikuwa kubadili mfumo wenyewe, lakini mtego ulikuwa uleule.

Mpango wa awali ulikuwa wafanyakazi wafuate taratibu za mfumo mpya kama zilivyo. Njiani mambo yakageuka, mfumo ukaanza kurekebishwa ufuate taratibu za halmashauri. Sehemu mojawapo iliyotengenezwa kwa namna ya pekee ilikuwa ile ya kulinganisha pesa zilizoingia benki na zile zilizoandikwa kwenye vitabu. Hiyo ndiyo iliyoleta kizaazaa: pesa zinaonekana benki, lakini mfumo haujui ni za nani wala ni za nini. Wafanyakazi wakarudi kuzipanga kwa mkono.

Bajeti ya mwanzo ilikuwa takriban pauni milioni 20. Kufikia katikati ya 2023, halmashauri yenyewe ilikuwa ikisema gharama inaweza kufika pauni milioni 100. Septemba mwaka huo ikatoa tangazo rasmi la kisheria kwamba haiwezi kumudu matumizi yake. Sababu kuu ilikuwa madai ya malipo sawa kwa wafanyakazi wanawake, tusichanganye mambo. Lakini mfumo huo uliongeza mzigo, na ulifanya iwe vigumu hata kujua halmashauri ina kiasi gani mkononi. Uamuzi uliofuata ulikuwa kuanza upya, safari hii mfumo ukae karibu na ulivyotoka kwa mtengenezaji.

Lidl, wenye maduka makubwa Ujerumani, nao walianza mradi wa SAP mwaka 2011 na kuufunga 2018, baada ya kutumia kiasi ambacho vyombo vya habari vilikitaja kuwa takriban yuro milioni 500. Moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba Lidl hupima thamani ya mali iliyo stoo kwa bei ya kununulia, wakati mfumo ulipangwa kwa bei ya kuuzia. Kampuni haikutaka kubadili desturi yake, basi programu ndiyo ikabadilishwa.

Basi si bora kubaki na la zamani?

Wengi wanafanya hivyo, na kwa muda inalipa. Tatizo ni kwamba toleo la zamani lina siku zake.

Odoo hutoa toleo jipya karibu kila mwaka na kuhudumia matatu ya karibuni. SAP imesema huduma ya kawaida kwa ECC itafika mwisho wa 2027, na atakayetaka kuongezewa hadi mwisho wa 2030 atalipia zaidi. Huduma ikiisha, programu haizimiki. Kinachokoma ni kuzibwa kwa mianya ya usalama na kuletewa mabadiliko ya kisheria.

Hilo la sheria ndilo linalowauma wafanyabiashara wa huku mapema zaidi. Nchini Kenya, tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliwi na KRA inapokokotolewa kodi ya mapato. Ukiwa na toleo la miaka saba iliyopita, ni nani atakayekuandikia kiunganishi chake? Atapatikana, lakini atakuuzia kiraka kingine juu ya viraka.

Kazi yenyewe inavyofanyika

Wanaofanikiwa hawaanzi na kompyuta. Wanaanza na orodha: marekebisho yote yaliyopo, nani aliomba, nani bado anatumia. Hapo huwa kuna vichekesho. Ripoti iliyotengenezwa kwa ajili ya meneja aliyestaafu. Fomu ya punguzo la bei la Sikukuu ya mwaka ambao hakuna anayeukumbuka. SAP ina zana inayorekodi ni programu zipi za ndani zinazotumika kweli, na kinachokaa miezi 12 bila kuguswa huwa na utetezi mdogo sana. Kukifuta ni bure. Kukihamishia kwenye toleo jipya ni pesa.

Kinachobaki kinaulizwa swali la pili: je, toleo jipya halina kitu hiki tayari? Kiraka kilicholipiwa mamilioni mwaka 2018 leo kinaweza kuwa kitufe cha kawaida. Hapa ndipo pana ugomvi, maana kitufe hicho hakifanani kabisa na alichozoea mhasibu. Bosi asipokaa kwenye kikao hiki, mhasibu hushinda, na kiraka kinaandikwa tena.

Halafu inatengenezwa nakala ya mfumo mzima, na nakala hiyo ndiyo inayopandishwa toleo kwanza. Tahadhari moja ni ya lazima: nakala ikatwe mawasiliano na nje. Isipokatwa, fundi anajaribu kitu saa nne usiku na wateja 2,000 wa kweli wanapata SMS ya kudaiwa. Odoo ina amri maalumu ya kuinyamazisha nakala ya majaribio, kwa sababu yaliwakuta watu.

Majaribio yenyewe yasiachiwe mafundi peke yao. Karani wa stoo na mtu wa kaunta ndio wanaojua kwamba mteja fulani hulipa nusu kwa simu na nusu taslimu, au kwamba simenti hurudishwa mifuko mitatu iliyopasuka. Mambo hayo hayako kwenye maelezo ya mradi. Na mhasibu alinganishe salio la kila mteja, kila akaunti na kila bidhaa kati ya mfumo wa zamani na mpya, hadi shilingi ya mwisho. Jumla kuu kulingana haitoshi. Makosa mawili yanaweza kufutana.

Siku ya kuhama nayo huchaguliwa kwa akili. Mwisho wa mwezi haufai, mishahara inasubiri. Kwa Tanzania na Kenya, siku za kuelekea tarehe 20 nazo zina VAT. Kwa hiyo wengi hufunga mfumo Ijumaa jioni ya wiki iliyotulia, wanahamisha data usiku kucha, na Jumapili mchana wanakaa kuamua: Jumatatu tunafungua na mpya, au tunarudi kwenye ya zamani? Ndiyo maana ile ya zamani haifutwi, na saa ya mwisho ya kurudi nyuma huandikwa kwenye karatasi kabla ya kazi kuanza, wakati watu bado hawajachoka.