Mvuke wa Olkaria na Majiko ya Waithaka

Mtu apandaye barabara itokayo Kawangware wakati wa alfajiri, katika baridi ya mwezi wa Julai, huikuta Waithaka, mtaa wetu wa Nairobi, imefunikwa na utando wa kijivu ambao mgeni hudhani ni ukungu mtupu, ilhali mwenyeji anajua kuwa sehemu yake kubwa ni moshi: moshi wa majiko yaliyotolewa vibarazani ili makaa yakolee kabla ya kuingizwa ndani, moshi wa kuni za vibanda vinavyochemsha chai ya wasafiri wa matatu, na moshi wa mafuta taa upenyao katika nyufa za mabati ya vyumba vya kupanga. Jua likisha kupanda na utando ukatoweka, macho yakielekezwa kusini magharibi huiona milima ya Ngong, na juu ya mgongo wake, upande wa kaskazini, mitambo ya upepo, myeupe kama mbawa za yangeyange, ikizunguka pasi na haraka. Miwili ya kwanza ilisimamishwa hapo mwaka 1993 kwa msaada wa serikali ya Ubelgiji, na baadaye ikaongezwa mingine hata uwezo wa milima hiyo ukafikia megawati 25.5.

Kila nikiyatazama hayo mawili kwa pamoja, moshi ulioko bondeni na mapanga yaliyoko mlimani, huona kuwa ndicho kisa kizima cha nishati katika nchi yetu. Watu wengi wakisikia habari za nishati jadidifu, yaani ile isiyokwisha kwa kutumiwa, kama vile jua, upepo, maji na joto la ardhi, fikira zao huenda kwenye taa. Taa ni neema kubwa, wala hapana mzazi aliyemwona mwanawe akisoma kwa kibatari atakayeidharau. Lakini aila ya Waithaka hutumia nishati kidogo sana katika taa; nyingi huiteketeza jikoni, na nyingine huilipia ndani ya nauli. Kwa hiyo mtu atakaye kujua manufaa ya nishati safi kwa jamii na kwa uchumi na aanze kuuliza habari za sufuria na za gurudumu.

Asili ya umeme nchini mwetu ni ya zamani kuliko wengi wadhanivyo. Mwaka 1875 Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alijipatia mtambo wa umeme wa kuangazia jumba lake, na mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akaununua mtambo huo, na hapo ndipo ilipozaliwa kampuni ya umeme ya Mombasa. Mwaka huohuo mhandisi Clement Hirtzel alipewa haki ya pekee ya kuuangazia mji wa Nairobi, naye akauelekea mto Ruiru. Basi stima ya kwanza ya Nairobi ilitoka katika maji yaendayo kwa nguvu zake yenyewe, bila ya kuchomwa gogo wala tone la mafuta.

Maji, hata hivyo, ni rafiki anayeondoka wakati wa dhiki. Waliokuwapo Nairobi mwaka 2000 wanakumbuka jinsi ukame ulivyoyapunguza mabwawa ya mto Tana, stima ikagawanywa kwa zamu, vinyozi wakafunga vibanda vyao mchana, na waunganishaji vyuma wakakaa chini ya miti wakingojea saa yao ifike. Tangu hapo umuhimu wa joto la ardhi la Olkaria, karibu na Naivasha, ulidhihirika kwa kila mtu. Uchunguzi wa visima ulianza huko katika miaka ya 1950, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukaanza kazi. Kanuni yake si ngumu kueleweka. Maji ya mvua huteremka katika nyufa za Bonde la Ufa mpaka yakakutana na mawe yaliyopashwa moto na uji wa miamba ulioko chini zaidi. Hapo hukaa chini ya mgandamizo, yakiwa na joto kubwa kuliko la maji yachemkayo juu ya meko, na kisima cha kina cha kilomita 2 au 3 kikiyafikia, hupanda kwa ghadhabu, yakageuka mvuke, na mvuke ukalizungusha gurudumu la mtambo. Maji yaliyobaki hurudishwa ardhini. Mvuke huo haujui masika wala kiangazi, na leo ndio ubebao mzigo mkubwa kuliko wote wa stima yetu. Ukiujumlisha na maji, upepo na jua, takriban sehemu 9 katika 10 za umeme unaozalishwa Kenya hazitokani na mafuta. Ni mataifa machache duniani, tajiri au maskini, yawezayo kusema hivyo.

Na hapa ndipo penye jambo linaloniuma. Mahitaji ya stima hufika kilele yapata saa mbili usiku, watu wakiwa wamerudi majumbani, kisha baada ya saa nne hushuka mpaka karibu na nusu. Lakini upepo wa Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, ambako mitambo 365 ilisimamishwa yenye uwezo wa megawati 310, huvuma kwa nguvu usiku huohuo watu walipolala, na visima vya Olkaria havifungwi na kufunguliwa kwa urahisi kama bomba la nyumbani. Hivyo hutokea mara nyingi usiku kwamba mvuke huachwa uende zake hewani bila ya kuzungusha kitu. Saa chache baadaye, mama wa Waithaka huamka na kuwasha makaa yaliyotoka katika mti uliokatwa mbali, ukafukiwa katika tanuri la udongo ambalo, katika kilo 10 za kuni, hutoa kilo 1 au 2 tu za makaa, kisha yakasafirishwa kwa lori linalokunywa dizeli. Tunaumwaga mvuke tulionao, tukanunua moshi.

Kwa nini basi mama huyu hapiki kwa stima? Wako wanaosema ni ujinga au mazoea, nami nasema wamemdhulumu, maana hesabu yake ya pesa ni sahihi kuliko ya waandishi wengi. Makaa hununuliwa kwa mkebe, kwa kadiri ya fedha iliyopatikana siku hiyo, na muuzaji anayekujua hukukopesha mpaka jioni. Meko, ule mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake, hutaka fedha nyingi kwa mara moja, na bei yake imekuwa ikiyumba pamoja na kodi: kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa katika gesi mwaka 2016, ikarudishwa mwaka 2021, ikapunguzwa mwaka 2022, ikaondolewa tena mwaka 2023. Mtu aliyeacha makaa mwaka wa kwanza, akarudishwa kwayo kwa nguvu miaka mitano baadaye, hatashawishika upesi mara ya pili. Stima nayo ina shida ya namna yake. Katika ploti nyingi mita ni moja kwa vyumba vingi, na mwenye nyumba, kwa kuogopa bili, huwapiga marufuku wapangaji kutumia koili na pasi.

Walakini hesabu yenyewe imegeuka, na wengi hawajapata habari. Chukua sufuria ya presha ya umeme yenye nguvu ya wati 1,000. Hata kama ingekula nguvu zake zote kwa robo tatu za saa pasi na kupumzika, isingemaliza uniti moja; na kwa kweli haili zote, kwa sababu mvuke ukishajaa ndani yake hujizima, ikajiwasha kidogo kidogo tu ili kuutunza moto wake. Kwa hiyo githeri, chakula ambacho juu ya jiko huchemka tangu mchana mpaka magharibi, huiva kwa chini ya uniti moja ya tokeni, na uniti moja ni rahisi kuliko mkebe wa makaa. Kizuizi ni bei ya kuinunua sufuria yenyewe. Kizuizi hicho tumewahi kukiondoa kwa taa za sola, ambazo maelfu ya nyumba za vijijini zilizipata kwa kulipa shilingi chache kila siku kwa M-Pesa mpaka zikawa mali yao. Sioni sababu ya sufuria kutouzwa hivyo katika kila duka la mitaa yetu ya Kabiria na Waithaka.

Wala mafundi wetu hawakungojea stima ili waanze kuurekebisha moto. Mwaka 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati mpya na jadidifu, na katika miaka iliyofuata likatokea lile jiko la bati lenye kiuno chembamba na udongo uliochomwa ndani yake, ambalo wazo lake lilichukuliwa kwa jiko la Thailand, likafinyangwa upya na wataalamu na mafundi wa jua kali mpaka likafaa sufuria zetu na ugali wetu unaosongwa kwa nguvu. Jiko hilo hupunguza makaa kwa theluthi hata nusu, na leo hapana mtu anayeliona kuwa ni jambo la ajabu, na hiyo kwangu ndiyo heshima kubwa kabisa ambayo chombo chaweza kupewa.

Kadhalika kuna vumbi. Kila penye banda la makaa, chini ya magunia hubaki unga mweusi ambao zamani ulizolewa na kutupwa mitaroni. Vikundi vya akina mama na vijana wa Nairobi huukusanya, wakauchanganya na udongo kidogo na maji, wakaufinyanga kuwa vidonge, wakavianika juani; hizo ndizo briketi. Mtafiti Mary Njenga na wenzake walipima gharama ya kupika githeri ya mahindi mabichi na maharagwe kwa watu 5, wakaona kuwa kwa bei za wakati ule mafuta taa yalitaka shilingi 45, makaa shilingi 26, na briketi za vumbi shilingi 3 tu. Huivisha polepole, kweli, lakini githeri haina haraka.

Lakini utajiri ulio karibu zaidi na Waithaka uko Dagoretti Market, kwenye vichinjio vinavyoilisha Nairobi nyama. Kwa miaka mingi damu na mavi ya matumboni vilikuwa vikiteremka kwenye vijito viendavyo kuukuta Mto Nairobi, na waliokaa kando yake hawahitaji kuelezwa harufu yake. Katika kichinjio cha Nyongara taasisi ya utafiti wa viwanda, KIRDI, ikisaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, ilijenga mtambo wa majaribio wa bayogesi: taka hutiwa katika tangi lisiloingiza hewa, vijidudu visivyohitaji hewa vikazila, na gesi iwakayo ikapanda juu, ifae kuchemshia maji ya kuoshea au kuzungushia jenereta. Kinachobaki ni mbolea. Tazama jinsi uchafu mmoja unavyotoa mambo matatu: moto, sukuma wiki iliyostawi, na mto uliopumua. Hata yule mfugaji wa Waithaka mwenye ng'ombe wawili au watatu bandani, kwenye kipande cha ardhi alichorithi kabla Dagoretti haijaingizwa katika mipaka ya jiji mwaka 1963, ana samadi ya kutosha kupikia aila yake kila siku.

Tukija kwa gurudumu, Kenya hununua nje mafuta yake yote ya gari yaliyokwisha kusafishwa, kwa kuwa kiwanda cha kusafishia cha Changamwe kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Kwa hiyo kila lita inayochomwa kwenye msongamano wa Kawangware imelipiwa kwa dola, na dola ikipanda, nauli hupanda, na nyanya za mama mboga zilizopanda gari hilo hupanda nazo. Mabasi ya umeme yalianza kujaribiwa Nairobi mwaka 2022, mwenye gari akilipia betri na kuchaji kwa kila kilomita anayokwenda. Vijana wa bodaboda za umeme hawangojei kuchaji: hufika kwenye kituo, wakaacha betri iliyokwisha, wakachukua iliyojaa, wakaondoka. Mwaka 2023 ikawekwa bei ya stima ya vyombo hivyo, na baada ya saa za kilele ikawa nusu ya bei ya mchana. Hapo mvuke wa usiku umepata kazi, na pesa iliyokuwa ikienda ng'ambo hubaki Naivasha na Waithaka.

Sitaki msomaji afikiri kuwa kitu kikiwa safi kwa hewa basi kimekuwa safi kwa haki. Katika mwaka 2014 jamaa za Wamaasai walihamishwa ili kupisha upanuzi wa Olkaria, na malalamiko yao yakafika mpaka kwa mabenki yaliyotoa mikopo. Mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kuwa ardhi ya mitambo ya Loiyangalani ilitolewa kinyume cha sheria. Anayetaka upepo na aombe idhini ya wanaouvuta kwa mapafu yao.

Shangazi yangu, akaaye hapa Waithaka tangu ujana wake, nilimpelekea sufuria ya umeme mwaka uliopita. Aliitazama siku mbili bila kuigusa, siku ya tatu akapika maharagwe, na tokeni alizihesabu yeye mwenyewe kwenye mita, kabla na baada. Aliridhika. Kisha akaniuliza, “Sasa mwanangu, hii itanipasha moto miguu?” Nilijaribu kumweleza hatari ya hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa, ile isiyo na harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini kila msimu wa baridi, naye akanisikiliza kwa adabu kama wasikilizavyo wazee. Leo maharagwe na githeri hupikwa kwa stima, chai kwa meko, na jiko limewekwa chini ya meza. Mwezi wa Julai hulitoa, akaliwasha kibarazani, akakaa kando yake mlango ukiwa wazi, amejifunika blanketi, akiitazama Ngong.