Kupungua Uzito Bila Kudhoofika

Katika soko la Tandale, wilayani Kinondoni, watu wawili hukutana kwenye gunia moja la maharage. Mbeba mizigo hulitoa kwenye lori na kulifikisha kizimbani. Muuzaji huketi kando yake tangu alfajiri hadi jua linapozama, akipima kilo moja moja. Wa kwanza ana misuli ambayo hakuitafuta. Wa pili huja kliniki na shinikizo la juu la damu, magoti yanayouma, na swali: "Daktari, nipungueje?"

Swali hilo ni la wengi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyo ya kuambukiza ulionesha kuwa takriban robo ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, na kiwango cha wanawake kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha wanaume.

Jibu lililozoeleka, yaani kula kidogo na kukimbia, lina upungufu. Anayepungua kwa kujinyima chakula pekee hapotezi mafuta tu. Takriban robo ya uzito unaoondoka huweza kuwa tishu zisizo mafuta, misuli ikiwamo. Misuli ndiyo ghala kuu la kupokea glukosi baada ya mlo. Kuipunguza kwa mgonjwa wa kisukari ni kubomoa ghala huku shehena ikiendelea kuingia. Vikundi vya mbio za pole tunavyoviona barabarani mwishoni mwa wiki vinaufaa sana moyo, na furaha yake haina bei, lakini havitoshi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na juu yake mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Sehemu hii ya pili ndiyo husahaulika.

Anayeanza ana bahati yake. Mwili usiozoea mazoezi waweza kupunguza mafuta na kujenga misuli kwa wakati mmoja, jambo gumu kwa mwanamichezo mzoefu. Katika wiki za kwanza nguvu huongezeka upesi kuliko unene wa misuli, kwa kuwa neva hujifunza kwanza kuiamsha. Umri nao si kisingizio: katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1990, wazee dhaifu wa takriban miaka 90 walinyanyua uzito kwa wiki 8, na nguvu za miguu yao zikaongezeka zaidi ya maradufu.

Vifaa vipo nyumbani. Dumu la lita 5 likijaa maji lina kilo 5 hivi, na uzito wake hurekebishwa kwa kumimina. Keti na kusimama kitini bila kujishika, sukuma ukuta, vuta dumu kutoka usawa wa goti hadi ubavuni, inuka kwa vidole vya miguu. Kila zoezi mara 8 hadi 12, mizunguko miwili, siku mbili au tatu zisizofuatana. Marudio mawili ya mwisho yawe mazito. Yakiwa mepesi, ongeza maji. Toa pumzi unaponyanyua, kwani kuibana hupandisha shinikizo la damu ghafla. Mwenye 180/110 au zaidi atibiwe kwanza, na anayetumia insulini au glibenklamaidi aelekezwe kuhusu kushuka kwa sukari kabla ya kupewa ratiba.

Protini ya gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito hupatikana sokoni hapo hapo: maharage, choroko, dagaa, mayai. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15 hivi, mayai mawili 12. Ugali upungue, maharage na mboga za majani viongezeke. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila ushauri. Unga wa protini wa makopo sioni haja yake kwa anayeanza. Sindano za homoni za kutunisha misuli ni hatari kwa moyo na uzazi.

Kikwazo kikubwa zaidi hakipo sahanini. Mitaani kwetu kukonda bado husomwa kama tangazo la UKIMWI. Wapo wagonjwa wanaofika nusu ya safari, kisha wakarudia kula kwa makusudi, kwa sababu jirani ameuliza, "Mbona umekwisha hivyo?" Hofu hiyo isichekwe: wateja, ndoa na mkopo wa kikoba hutegemea sifa ya mtu. Hapa ndipo nguvu inapofanya kazi isiyofanywa na mizani. Tangu siku ya kwanza, mhudumu aandike uzito, mzunguko wa kiuno (futi ya fundi cherehani yatosha), na idadi ya mara mgonjwa anazosimama kitini kwa sekunde 30. Kiuno kikipungua huku idadi hiyo ikipanda, tuseme kutoka 9 hadi 14, mgonjwa ana la kumjibu jirani. Lakini uzito ukishuka bila kukusudiwa, nguvu nazo zikashuka, tuuchukulie kuwa ugonjwa hadi ithibitike vinginevyo: apimwe kifua kikuu, VVU na sukari, hata kama mwenyewe anafurahia kupungua.