Je, Wajua? Bia Ilizaliwa Jikoni

Kabla ya kiwanda, krati na matangazo ya barabarani, bia ilikuwa kazi ya nyumbani, na mara nyingi kazi ya mama mwenye nyumba. Leo watu wengi Marekani, Uingereza, Norway na kwingineko wameirudisha jikoni. Wanapika wenyewe, wanajaza chupa wenyewe, kisha wanawakaribisha marafiki kwenye kaunta ndogo waliyoijenga sebuleni. Kwa watu wazima wanaokunywa, na kwa yeyote anayependa kujua vitu hutengenezwaje, haya hapa ya kujua.

ASILI NA SHERIA

• Je, wajua kwamba Wasumeri wa Mesopotamia walikuwa na mungu wa kike wa bia, Ninkasi? Utenzi wa kumsifu ulioandikwa kwenye vibao vya udongo yapata mwaka 1800 KK unataja pia hatua za kupika bia: kimea, kuloweka, kuchuja na kumimina.

• Je, wajua kwamba michoro ya kale ya Mesopotamia inaonyesha watu wakinywa bia kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja? Wateso wa Uganda na Kenya, na Wabukusu wa magharibi mwa Kenya, wanao utamaduni huo hadi leo. Ncha ya mrija huwa na chujio, hivyo machicha hubaki chunguni.

• Katharina von Bora, mke wa mwanamageuzi wa kanisa Martin Luther, alipika bia nyumbani kwao Wittenberg, na mumewe aliisifu katika barua zake. Ulaya ya zamani, kupika bia kulihesabiwa pamoja na kuoka mkate katika kazi za nyumba.

• Je, wajua kwamba mbege ya Wachagga ina karibu kila kitu ambacho mpishi wa bia wa Ulaya hukitafuta? Sukari hutoka kwenye ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke, kimea ni cha ulezi, na uchungu hutoka kwenye gome la msesewa. Kazi hiyo kwa kawaida iko mikononi mwa akina mama.

• Busaa ya magharibi mwa Kenya ina hatua ambayo bia nyingi za dunia hazina: unga wa mahindi huchachuliwa kwanza, kisha hukaangwa juu ya moto hadi ubadilike rangi, ndipo uchanganywe na maji na kimea cha ulezi.

• Je, wajua kwamba kuanzia 1880 Mwingereza alihitaji leseni ya serikali ili apike bia nyumbani kwake? Leseni hiyo iliondolewa mwaka 1963, na maduka ya kuuza kimea na vifaa vya kupikia yakaenea.

• Marekani ilichelewa zaidi. Marufuku ya pombe ilipoondolewa mwaka 1933, watu waliruhusiwa kutengeneza mvinyo nyumbani, lakini bia ikaachwa nje. Tarehe 14 Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuiruhusu, na ikaanza kutumika Februari 1979. Kiwango kiliwekwa: galoni 100 kwa mwaka, yaani kama lita 378, kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, na galoni 200 kwa nyumba yenye wawili au zaidi. Ruhusa ni ya kunywa, si ya kuuza.

• Majimbo ya Alabama na Mississippi ndiyo yaliyofunga mkia katika kuruhusu upishi wa nyumbani, mwaka 2013.

• Je, wajua matokeo ya ruhusa hiyo? Mwaka 1978 Marekani nzima haikuwa na viwanda 100 vya bia, na karibu vyote vilitengeneza lega ya aina moja. Sasa vimepita 9,000, na waanzilishi wengi wa viwanda hivyo vidogo walianzia jikoni kwao. Ken Grossman aliuza vifaa vya kupikia bia katika mji wa Chico, California, kabla ya kuanza kupika bia ya Sierra Nevada mwaka 1980. Jim Koch wa Boston alijaribia resipe ya ukoo wake kwenye jiko la nyumbani mwaka 1984. Sheria ilimwachia mpishi wa nyumbani nafasi, naye akarudisha ladha ambazo viwanda vikubwa vilikuwa vimezitupa.

SUFURIANI

• Je, wajua kwamba bia nyingi duniani zimetokana na vitu vinne tu: maji, kimea, hopsi na hamira? Sheria maarufu ya Bavaria ya mwaka 1516 ilitaja vitatu: shayiri, hopsi na maji. Hamira haikutajwa, kwa sababu hakuna aliyejua kazi yake.

• Kimea ni nafaka iliyolowekwa, ikachipua, kisha ikakaushwa. Kuchipua huamsha vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Mpishi hukiponda chenga chenga, hukiloweka kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 68 za Selsiasi kwa muda wa saa moja, kisha huchuja. Anachopata wakati huo ni kinywaji kitamu kisicho na kilevi hata kidogo, kinachokaribiana na togwa.

• Nyuzi hizo zina maana kubwa. Maji yakikaa chini kidogo, karibu na 63, sukari nyingi huwa rahisi kuliwa na hamira, na bia hutoka kavu na nyepesi. Yakipanda karibu na 70, sukari nyingine hubaki, na bia huwa nzito mdomoni.

• Kwa ndoo moja ya lita 19 au 20, bia ya kawaida hutaka kilo 4 hadi 5 za kimea, hopsi kidogo, na pakiti ya hamira yenye gramu 11 tu.

• Je, wajua kwamba bia nyeusi tii ina deni kwa Mwingereza Daniel Wheeler? Mwaka 1817 alipata hataza ya mtambo wa kukaangia kimea bila kukiunguza, na kimea kidogo tu kikatosha kutia rangi na ladha ya kahawa kwenye pipa zima.

• Hopsi na bangi ni mimea ya ukoo mmoja, ingawa hopsi haileweshi kwa namna ya bangi. Kinachotumika ni maua ya mmea jike.

• Je, wajua kwamba hopsi ileile hutoa vitu viwili tofauti kulingana na saa ya kutiwa? Ikichemka saa nzima hutoa uchungu, na harufu yake yote hupotea na mvuke. Ikitiwa dakika za mwisho, au ikitumbukizwa baridi baada ya bia kuchachuka, hutoa harufu ya machungwa, misonobari au maua na uchungu mdogo sana.

• Maji yamejenga majina ya miji. Burton upon Trent, Uingereza, ina maji yenye jasi nyingi yanayofanya uchungu wa hopsi usikike wazi. Plzeň, katika Jamhuri ya Cheki ya leo, ina maji laini mno, na hapo ndipo Josef Groll alipopika lega ya kwanza ya rangi ya dhahabu mwaka 1842.

• Klorini ya maji ya bomba ikikutana na kimea na hamira huweza kuacha ladha ya plastiki au ya dawa. Kuyachemsha maji na kuyaacha yapoe kabla ya kuyatumia huondoa klorini ya kawaida.

• Machicha ya shayiri ni chakula kizuri cha ng'ombe na kuku, na wengine huyatia kwenye unga wa mkate. Lakini hopsi ni sumu kwa mbwa, hata ikiwa imekwisha kuchemshwa. Ifukie au itupe mahali ambapo mbwa hafiki.

HAMIRA NDIYO BWANA

• Je, wajua kwamba mpishi hatengenezi kilevi? Yeye huandaa maji matamu, na hamira hula ile sukari na kutoa kilevi na gesi ya ukaa. Louis Pasteur alichapisha kitabu chake kuhusu bia mwaka 1876, na mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, akafaulu kukuza hamira safi kutoka seli moja.

• Kipimo cha asidi kiitwacho pH, kinachotumika leo kuanzia maabara ya hospitali hadi shambani, kilibuniwa na S. P. L. Sørensen katika maabara hiyohiyo mwaka 1909.

• Je, wajua kwamba hamira ya lega ni chotara? Mzazi mmoja ni hamira ya mkate na bia tunayoifahamu. Mzazi wa pili alikuwa hajulikani hadi mwaka 2011, wanasayansi walipotangaza kwamba wamemkuta kwenye miti ya misitu ya Patagonia, Amerika ya Kusini.

• Lega huchachuka polepole kwenye baridi ya nyuzi 8 hadi 13. Aina nyingine kuu ya bia, eli, hutaka 18 hadi 22. Mpishi wa Dar es Salaam au Mombasa akiacha ndoo yake chumbani bila jokofu, hamira hizo hupata joto kupita kiasi na kutoa ladha kali ya pombe, wakati mwingine harufu ya rangi ya kucha.

• Ipo dawa, nayo imetoka nchi ya baridi. Wakulima wa magharibi mwa Norway wamerithishana hamira iitwayo kveik, wakiikausha juu ya pete za mbao na kuitunza kutoka upishi mmoja hadi mwingine. Hamira hiyo hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 30 na zaidi, na humaliza kwa siku chache. Siku hizi huuzwa kwa pakiti, na kwa mpishi wa pwani yetu ndiyo inayofaa kuliko zote.

• Je, wajua kwamba mapovu kwenye kizibo cha kutolea gesi hayatoshi kukuambia bia imeiva? Kipimo cha kweli ni haidromita. Unaitumbukiza kwenye bomba refu la kioo lililotiwa bia, unaizungusha kidogo ili viputo viachie, kisha unasoma mstari ulio sawa na uso wa bia. Maji matupu husoma 1.000. Kama mwanzo ulisoma 1.050 na sasa inasoma 1.010, toa, kisha zidisha tofauti kwa 131: kilevi ni karibu asilimia 5.2. Ikisoma namba ileile siku tatu mfululizo, hamira imemaliza.

• Sehemu kubwa ya kazi ni kuosha. Kila kinachogusa bia baada ya kupoa, iwe mpira, ndoo, kizibo au kijiko, lazima kisafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu. Bakteria mmoja akipata nafasi, lita 20 huwa siki.

• Je, wajua kwamba vijidudu vingi vya maradhi havistawi ndani ya bia? Kilevi, asidi, hopsi na ukosefu wa oksijeni huvizuia. Misiba mingi inayosikika kwenye habari hutokana na pombe za kukeneka zilizotiwa methanoli na kemikali nyingine. Bia haikenekwi. Hata hivyo, ulizia sheria ya mahali unapoishi kabla ya kuinjika sufuria.

CHUPA, KEGI NA KAUNTA

• Je, wajua kwamba povu la bia ya chupa huweza kutokana na sukari ya kawaida ya jikoni? Gramu 6 au 7 kwa lita hutiwa wakati wa kujaza, hamira iliyobaki huila, na gesi hukosa pa kutokea. Ukizidisha, au ukijaza kabla hamira haijamaliza, chupa hulipuka na vioo huruka.

• Jaza pia chupa moja ya plastiki ya soda kutoka ndoo hiyohiyo. Kila siku iminye kwa kidole. Ikiwa ngumu isiyobonyea, na zile za kioo zimepata gesi ya kutosha.

• Je, wajua kwa nini chupa nyingi za bia ni za kahawia? Mwanga wa jua hugeuza kemikali za hopsi kuwa kitu chenye harufu ya kicheche. Dakika chache juani zinatosha. Kioo cha kijani hakizuii sana, na kioo cheupe hakizuii kabisa.

• Kegi inayopendwa kwenye kaunta za nyumbani ilitengenezwa kwa ajili ya soda. Kampuni za vinywaji zilipohamia kwenye mifuko ya shira, kegi zao za lita 19 ziliuzwa kwa bei rahisi, na wapishi wa bia wakazichangamkia.

• "Baridi ama moto?" Swali la mhudumu wa baa Afrika Mashariki lina msingi. Baridi kali huufisha ulimi. Lega nyepesi hupendeza kwenye nyuzi 4 hadi 7, lakini bia nyeusi nzito hufunguka kwenye nyuzi 10 hadi 13.

• Je, wajua kwamba mafuta ni adui wa povu? Ijaribu glasi yako: iloweshe kwa maji, kisha inyunyizie chumvi ndani. Chumvi ikishika pande zote sawasawa, glasi ni safi. Ikiacha mabaka, yapo mafuta, na bia itapoteza povu kabla mgeni hajafikisha glasi mdomoni.

• Imimine glasi ikiwa imelala, kisha iinue inapofika nusu ili povu lijijenge. Kwenye bia iliyoivia chupani, acha kidole kimoja cha mwisho: huko chini imelala hamira.

DAFTARI

• Je, wajua kwamba Ikulu ya Marekani imewahi kupika bia yake? Wakati wa Rais Barack Obama, wapishi walitumia asali ya mzinga uliokuwa kwenye uwanja wa Ikulu, na Septemba 2012 resipe zikatolewa hadharani ili kila mwananchi apike.

• Rais mwingine wa nchi hiyo aliyeacha resipe ya bia ni George Washington. Aliiandika kwenye daftari lake mwaka 1757, akiwa bado askari kijana: pumba, hopsi na molasi. Daftari hilo limehifadhiwa kwenye maktaba ya umma ya New York, na ndiyo maana bia hiyo bado inaweza kupikwa.

• Mbege, busaa, urwagwa wa Rwanda na pombe nyingine nyingi zetu zimehifadhiwa vichwani mwa mabibi na mama zetu. Wakiondoka, huondoka na vipimo vyao. Ukienda kijijini likizo hii, kaa jikoni na mpishi na uandike: ndizi za aina gani, mikungu mingapi, ulezi ulichipua siku ngapi, gome lilichemka muda gani, chungu kilifunikwa kwa nini. Kisha rudi nyumbani ujaribu, na umpelekee aonje akusahihishe.