Kirolirwe: mvua ikikatika, mlima bado haujatulia

Kirolirwe, kwenye barabara ya Sake kwenda Kitchanga, milima iko pande zote. Fasi nyingi miti ilikatwa zamani, leo ni majani ya ng'ombe na mashamba. Msimu wa mvua, mlima unaweza kuua hata mtu ambaye hajawahi kuingia shimoni.

Tukumbuke siku ya yenga, tarehe 2 Aprili 2023. Hapa Masisi udongo uliporomoka juu ya watu waliokuwa kwenye kijito, chini ya mlima. Wamama na watoto karibu 20 walikufa. Walikuwa wanafua nguo na kuosha vyombo. Mwezi mmoja kisha, tarehe 4 Mei, mvua kubwa ilipiga Kalehe, Kivu ya Kusini. Bushushu na Nyamukubi walikufa watu zaidi ya 400. Kwa hiyo hatari si ya mchimbaji peke yake. Bibi anayeosha koltani mtoni na mtoto anayeleta chakula, wote wako chini ya ule mlima.

Udongo unaanguka juu ya nini? Maji yanaingia polepole, udongo wa juu unakuwa mzito, na pale unapokutana na jiwe au udongo mgumu, panateleza sawa sabuni. Hata mvua ikikatika, maji yanaendelea kushuka ndani. Njo maana watu wanadanganyika: wanaona jua, wanarudi kazini, kumbe mlima bado umebeba maji ya usiku.

Huko Ulaya, kwenye milima ya Alpes, theluji inaua kwa njia inayofanana. Theluji mpya inalala juu ya ile ya zamani. Kama kati yao kuna tabaka dhaifu, yote ya juu inateleza mara moja na kufunika watu. Wakati wa baridi wanatangaza hatari kwa namba, toka 1 mpaka 5, mbele ya watu kupanda. Sisi hatutangaziwi namba, lakini alama tunazo.

Ufa mpya juu ya mlima au karibu na mdomo wa shimo. Mti au nguzo iliyoanza kuinama. Chemchemi iliyokuwa safi, leo inatoa matope, ao imekauka ghafla. Vijiwe vinavyodondoka bila mtu kuvigusa. Ukiona moja tu, toeni watu wote, wa ndani na wa mtoni. Usikimbie kufuata bonde, udongo nao unafuata bonde. Kimbilia pembeni, kisha panda.

Ikiwa udongo umeshafunika watu, tunajua moyo unavyouma. Lakini mbele ya kuchimba, mmoja asimame fasi salama aangalie juu, juu udongo wa pili unaweza kufuata ule wa kwanza. Ni vizuri pia majina ya walioingia yaandikwe kila asubuhi. Bila hiyo liste, hakuna anayejua tunatafuta watu wangapi.

Kuna kazi za mbele ya mvua: kuchimba mifereji juu ya shimo ili maji yapite pembeni, kuacha kurundika udongo kwenye mdomo wa shimo, na kuhamisha fasi ya kuoshea mbali na mteremko mkali.

Bakia neno la chakula. Mchimbaji asiyeshuka leo, jioni watoto wanamwangalia mikono. Asubuhi ya mvua, mwenye njaa hawezi kukataa kushuka peke yake. Basi mapatano yafanyike siku ya jua, kati ya mwenye shimo, koperative na wachimbaji: mvua kubwa ikinyesha usiku, hakuna anayeshuka mpaka mlima ukaguliwe, na posho ya siku hiyo inatoka wapi. Mwenye shimo anayekula faida ya siku nzuri, abebe pia sehemu ya siku ya kungoja. Wamama wanaoosha nao waitwe kwenye hicho kikao, sababu wao njo wanakaa chini kabisa.