Nyuzi za Redioni na Nyuzi za Chumbani

Kaskazi ikiingia Dar es Salaam, mazungumzo ya daladala huwa ni fukuto tu, na kila abiria huwa na maelezo yake. Nimeyachambua machache yanayorudiwa sana, na moja la Nairobi.

"Jua halibagui, linamwakia tajiri na maskini sawasawa."

Jua, kweli. Joto, si kweli. Miale inayoshuka Masaki ndiyo inayoshuka Tandale. Tofauti inaanzia pale inapotua. Ikitua kwenye mwembe, sehemu kubwa ya nguvu yake huishia kugeuza maji ya majani kuwa mvuke, na aliyeketi chini yake anapata nafuu. Ikitua kwenye bati lenye kutu, bati hulifyonza joto lile na kulimwaga chumbani. Masaki na Oysterbay pia zimekaa kwenye rasi, upepo wa bahari unazifikia kwanza. Ukifika Manzese umeshapita juu ya maelfu ya paa na lami.

Nani kaamua fulani akae wapi? Mwaka 1914 Wajerumani waliigawa Dar es Salaam katika kanda tatu za ujenzi, na Waingereza wakauendeleza mgawo huo. Uzunguni kulikuwa na viwanja vipana na barabara zenye miti. Uhindini palikuwa pa maduka na ghorofa. Waafrika wakapewa Kariakoo, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi ili kuwatenga. Sheria zile zimekufa zamani, lakini viwanja vipana vimebaki vipana, na miti yake imezidi kunenepa.

Tusidhani ni letu peke yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliangalia miji 108 ya Marekani na ramani za mikopo ya nyumba za miaka ya 1930, ambamo mitaa mingi ya Weusi ilipakwa rangi nyekundu ili isikopeshwe. Katika asilimia 94 ya miji hiyo, mitaa iliyopakwa nyekundu leo ina joto zaidi kuliko ile iliyopendelewa.

"Redio imesema nyuzi 32, basi ni nyuzi 32."

Ni kweli, pale kipimajoto kilipo. Kwa utaratibu wa kimataifa, kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa kivulini ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, juu ya nyasi, kimo cha kifua au kichwa cha mtu, mahali peupe pasipo majengo karibu. Vituo vingi viko viwanja vya ndege. Utaratibu huo ni mzuri, kwa sababu bila huo huwezi kulinganisha mwaka na mwaka. Ila hakuna anayelala juu ya nyasi ndani ya kisanduku cheupe. Mama lishe aliye kati ya jiko la mkaa na turubai la plastiki yuko kwenye hali ya hewa nyingine kabisa, isiyotangazwa popote.

"Nairobi ni mji wa baridi, joto ni shida ya Mombasa."

Uongo, na uongo huu ni wa hatari kwa sababu unamfanya mpangaji wa mji asiulize. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, watafiti walitundika vipimajoto Kibera, Mathare na Mukuru, wakalinganisha na kituo rasmi cha Dagoretti. Vitongoji vile vilizidi kwa nyuzi kadhaa. Sehemu ya tofauti ni mwinuko: Dagoretti iko juu, upande wa magharibi wenye miti mingi, na mji huteremka kuelekea Eastlands. Lakini mwinuko haukuezeka mabati wala kubana vyumba mpaka kuta zikagusana.

"Watu wa Pwani wameshazoea."

Nusu kweli. Mwili huzoea joto kwa wiki moja au mbili: jasho hutoka mapema, tena jingi. Lakini jasho hupoza likikauka, na kwenye fukuto la Februari halikauki, linatiririka tu. Kichanga, mzee na mgonjwa wa moyo hawana akiba ya kutosha hata wangezaliwa papo hapo Magomeni.

"Usiku joto linakwisha."

Inategemea umelala kwenye nini. Bati ni jembamba, hupoa haraka jua likizama. Tofali za saruji na zege hutunza joto la mchana na kulirudisha polepole hadi alfajiri. Nyumba nyingi za uswahilini zina bati juu na tofali pembeni, kwa hiyo mchana unaokwa na paa na usiku unaokwa na ukuta. Fungua dirisha, utaambiwa. Kuna mbu, kuna wezi, na mara nyingi nje ya dirisha kuna ukuta wa jirani. Feni husaidia, na Shirika la Afya Duniani linaishauri maadamu hewa haijafika nyuzi 40. Umeme wa Luku ukiisha, umeisha.

"Kiyoyozi cha jirani kinaniongezea joto."

Kweli. Hutoa nje joto kinaloliondoa chumbani, pamoja na la umeme kinaoutumia.

"Dawa ni kupanda miti."

Kweli kwa mwenye pa kuipanda. Mukuru, kati ya nyumba na nyumba hupita mtaro na mtu mmoja. Mahali kama hapo kinachowezekana upesi ni paa. Ahmedabad, India, baada ya wimbi la joto la Mei 2010 kuua zaidi ya watu elfu moja, mji ulitengeneza mpango wa joto mwaka 2013, na baadaye ukaingiza upakaji wa paa rangi nyeupe inayorudisha miale. Freetown, Sierra Leone, waliteua afisa wa joto wa jiji mwaka 2021 na kuwawekea wanawake wa sokoni vivuli.

Chokaa ya kupaka paa si ghali. Ila Kibera na Mathare wakazi wengi ni wapangaji, na paa ni la mwenye nyumba, ambaye aghalabu halali chini yake.