Baiskeli ya kazini, baiskeli ya mashindano: Jinsi waendeshaji wa ridhaa wanavyooanisha mazoezi na kibarua

UENDESHAJI baiskeli wa mashindano huchukuliwa na wengi kuwa mchezo wa watu wenye nafasi: wenye pesa za kununua baiskeli nyepesi na muda wa kushinda barabarani mchana kutwa.

Hali halisi humu nchini ni tofauti. Wakenya wanaolipwa mshahara kwa kuendesha baiskeli ni wachache mno. Waliobaki ni watu wa kazi; mafundi, walinzi, wachuuzi, makarani na wanafunzi, ambao huamka alfajiri na kukanyaga pedali hadi kazini, kisha wikendi hufunga nambari mgongoni na kushindana.

Je, mtu anayefanya kazi kwa muda wa saa nane au tisa kila siku hupata wapi nafasi na nguvu za kushindana? Jibu ni kwamba hatafuti muda mpya. Huutumia ule ambao tayari anautumia kwenda kazini na kurudi nyumbani. Hata hivyo, safari ya kazini haigeuki kuwa mazoezi hivi hivi tu. Ina kanuni zake, na ina hatari zake.

Riziki kwanza, michezo baadaye

Nchini Kenya, baiskeli ilikuwa chombo cha kutafutia riziki kabla ya kuwa chombo cha michezo. Neno 'bodaboda' lenyewe lilizaliwa Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Katika miaka ya 1960 na 1970, vijana walikuwa wakiwabeba wasafiri kwa baiskeli kutoka kituo cha forodha cha nchi moja hadi kile cha nchi ya pili, huku wakiita wateja kwa jina la Kiingereza la mpaka walilolitamka kwa lafudhi yao.

Kazi hiyo ilienea hadi Kisumu, Kakamega, Eldoret na Nakuru. Chombo chao kilikuwa baiskeli ya chuma iitwayo 'black mamba': nzito, yenye gia moja pekee na kiti cha nyuma kilichotiwa sponji kwa ajili ya abiria. Pikipiki za bei nafuu kutoka bara Asia zilipofurika humu nchini kuanzia mwishoni mwa muongo wa 2000, waendeshaji wengi waliachana na pedali, ingawa baiskeli za kubeba abiria na mizigo hazijatoweka katika miji ya magharibi.

Ni katika kundi hilo la wachapakazi ambapo Nicholas Leong, mpiga picha kutoka Singapore, aliona vipaji. Aliwaza kwamba nchi inayotoa wanariadha mashuhuri wa mbio ndefu haikosi watu wenye mapafu na miguu ya kushindana kwa baiskeli.

Mnamo 2008, aliwapeleka Wakenya wawili Ufaransa kupanda Alpe d'Huez, mlima maarufu katika mashindano ya Tour de France. Mmoja alikuwa mwendeshaji bodaboda ya baiskeli na mwingine alikuwa akipiga viatu rangi. Barabara hiyo ina urefu wa kilomita 13.8 na kona kali 21, na mwinuko wake ni wastani wa asilimia nane. Mwenye kasi zaidi kati yao aliimaliza kwa dakika 42 na ushei, muda ambao hata mtaalamu wa kulipwa hawezi kuudharau.

Jambo hilo lilisababisha kuundwa kwa timu ya Kenyan Riders iliyopiga kambi Iten, kaunti ya Elgeyo Marakwet, umbali wa takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari.

Kazi inafunza nini?

Ufanisi wa vijana hao haukuwa muujiza. Mtu wa kilo 60 anapombeba abiria wa uzito kama wake kwa baiskeli ya kilo 20, anasukuma kilo 140. Kila abiria anaposhuka na mwingine kupanda, huanza upya kutoka kusimama. Akifanya hivyo mara nyingi kwa siku, kwa miaka kadhaa, misuli ya mapaja na moyo wake hujengeka pasipo yeye kujua kwamba anafanya mazoezi.

Isitoshe, anayeishi katika nyanda za juu huvuta hewa yenye msukumo mdogo wa oksijeni. Mwili hujibu kwa kuongeza chembechembe nyekundu za damu, ambazo ndizo zinazosafirisha oksijeni hadi kwenye misuli.

Lakini kuna mambo ambayo kazi haifunzi. La kwanza ni wepesi wa miguu. Mwenye gia moja na mzigo mzito huzoea kukanyaga polepole kwa nguvu nyingi, ilhali mshindani huzungusha pedali mara 80 hadi 100 kwa dakika ili misuli isichoke mapema.

La pili ni ujuzi wa kwenda kwa kundi. Katika barabara tambarare, kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa na zaidi, adui mkubwa wa mwendeshaji ni upepo. Anayejificha nyuma ya mwenzake kwa umbali mdogo huokoa takriban robo hadi theluthi ya nguvu zake. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa hodari wa kupanda mlima akiwa peke yake, kisha akaachwa katika mashindano kwa sababu hajazoea kwenda bega kwa bega na wenzake 100, huku gurudumu lake likikaribia kugusa la mtu wa mbele.

La tatu ni mpangilio. Hapa ndipo wengi wanaokwenda kazini kwa baiskeli hukosea.

Wiki ya mfanyakazi

Chukua mfano wa mtu anayeishi kilomita 15 kutoka kazini. Kwa siku tano, huendesha kilomita 150. Akienda kwa wastani wa kilomita 22 kwa saa, hutumia takriban dakika 40 kila safari, au karibu saa saba kwa wiki. Akiongeza mwendo wa saa tatu siku ya Jumamosi au Jumapili, atakuwa ametimiza saa 10. Mtaalamu wa kulipwa huendesha kwa saa 20 hadi 30, lakini kwa mashindano ya ridhaa, saa 10 zilizotumiwa vizuri zinatosha kumfanya mtu kuwa mshindani wa kweli.

Tatizo ni kwamba wengi huendesha safari zote kwa kasi ile ile: si ya polepole kiasi cha kuupumzisha mwili, wala si ya juu kiasi cha kuufunza kasi. Anachelewa, anafukuzana na matatu, anafika akihema. Jioni anarudia. Baada ya miezi michache hushangaa kuona kwamba anachoka kila siku ilhali kasi yake haiongezeki.

Utafiti kuhusu wanariadha mashuhuri wa michezo ya ustahimilivu, wakiwemo wakimbiaji na waendeshaji baiskeli, umeonyesha kwamba takriban asilimia 80 ya mazoezi yao huwa mepesi. Asilimia 20 iliyosalia ndiyo huwa makali. Kipimo cha mwendo mwepesi hakihitaji mtambo: mtu anapaswa kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatizwa na pumzi.

Kwa mfanyakazi, maana yake ni kwamba safari za asubuhi zote ziwe nyepesi, asifike kazini akiwa hoi. Mazoezi makali huwekwa jioni mbili tu kwa wiki, mathalani Jumanne na Alhamisi. Baada ya kuupasha mwili moto, huchagua mlima mmoja njiani na kuupanda kwa nguvu kwa dakika nne, hushuka na kupumzika kwa dakika tatu au nne, kisha hurudia mara tatu au nne. Siku moja huiacha baiskeli nyumbani na kuabiri matatu.

Kupumzika huko si uvivu. Misuli haipati nguvu wakati wa kukanyaga pedali bali wakati wa kulala na kula. Anayefanya kazi ya sulubu, kama vile ujenzi au upakiaji wa mizigo, anapaswa kuhesabu pia uchovu wa kazi yenyewe. Vivyo hivyo kwa wanawake wengi, ambao hurudi kutoka kazini na kukuta kuni, maji na watoto vikiwasubiri. Hizo pia ni saa za jasho.

Kuhusu chakula, vyakula vya kawaida vinatosha. Wanga unaohifadhiwa mwilini hutosha kwa takriban saa moja na nusu hadi mbili za mwendo wa kasi. Baada ya hapo miguu huishiwa nguvu ghafla. Kwa hivyo, katika mwendo mrefu mshindani huhitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, kiasi kinachopatikana katika ndizi mbivu mbili au viazi vitamu viwili vya wastani.

Gharama ya chuma

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Uendeshaji Baiskeli (UCI) haziruhusu baiskeli ya mashindano kuwa chini ya kilo 6.8. Tofauti kati yake na 'black mamba' ni kubwa. Mwendeshaji wa kilo 60 mwenye baiskeli ya kilo 8 akipanda mlima kwa dakika 20, atahitaji takriban dakika 23 na nusu kuupanda kwa nguvu zile zile akiwa na baiskeli ya kilo 20. Katika mashindano, dakika tatu na nusu ni umbali wa kutoonana.

Kwa kuwa baiskeli mpya za aina hiyo huzidi uwezo wa wengi, washindani hutegemea mitumba na mafundi. Ndiyo sababu kundi la Safari Simbaz, lililoanzishwa na mwendeshaji mkongwe David Kinjah nyumbani kwake Mai-a-ihii, Kikuyu, huwafunza vijana ufundi wa kutengeneza baiskeli pamoja na kushindana. Kijana asiyefika kileleni katika michezo hutoka na kazi mikononi.

Ni hapo ambapo Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985, alijifunza akiwa mtoto. Aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006 jijini Melbourne kabla ya kuhamia Uingereza kimichezo mnamo 2008. Baadaye alishinda Tour de France mara nne, katika miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017.

Barabara isiyo na huruma

Kikwazo kikubwa zaidi, hata hivyo, si chuma wala chakula. Ni usalama. Katika miaka ya hivi karibuni, zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifariki kila mwaka katika barabara za Kenya, na wanaotembea kwa miguu ndio wengi zaidi. Mwendeshaji baiskeli hutumia ukingo ule ule wa barabara wanaoutumia.

Aidha, jiografia haimsaidii. Mwenzake wa Ulaya hupata jioni ndefu za kiangazi zenye mwanga hadi saa tatu au nne usiku. Karibu na ikweta, jua huchomoza na kutua karibu saa ile ile mwaka mzima. Anayeondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa moja jioni huendesha gizani kila siku. Kwake yeye, taa nyeupe ya mbele, nyekundu ya nyuma na kizibao kinachong'aa si mapambo.

Hata mashindano yenyewe yamedai maisha. John Njoroge Muya wa Kenyan Riders alifariki Novemba 2014 akishindana Ufilipino. Agosti 2022, Suleiman Kangangi, aliyekuwa wa tatu katika Tour du Rwanda ya 2017 na nahodha wa Team Amani, alianguka akiwa kwa kasi na kufa katika mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani.

Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera mnamo 2015 iliyoahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa miundomsingi ya watembeao kwa miguu, baiskeli na uchukuzi wa umma. Barabara Kuu ya Thika, iliyozinduliwa 2012, ilijengwa ikiwa na njia za baiskeli. Lakini njia za aina hii huvamiwa na pikipiki, magari yaliyoegeshwa na vibanda vya biashara, na mara nyingi hukatika ghafla na kumtupa mwendeshaji katikati ya magari.

Kushindwa kuzilinda kuna gharama ya kiafya. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow uliochapishwa 2017, uliofuatilia zaidi ya watu 260,000 nchini Uingereza kwa takriban miaka mitano, ulionyesha kuwa waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na uwezekano wa kufariki uliokuwa chini kwa asilimia 41 wakilinganishwa na waliotumia magari. Watafiti walitahadharisha kwamba huenda sababu nyingine zilichangia, lakini uhusiano huo ulikuwa wazi.

Majirani wameonyesha kinachowezekana. Rwanda, ambako baadhi ya washindani wa kwanza wa timu ya taifa walitoka katika kazi ya teksi za baiskeli, iliandaa mashindano ya dunia jijini Kigali mnamo Septemba 2025. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika barani Afrika.

Kenya haina uhaba wa miguu yenye nguvu; kila alfajiri hupita barabarani kwa maelfu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na kilomita 15 za kwenda na 15 za kurudi zaweza kumjenga bingwa. Sharti kwanza afike kazini salama, na jioni arudi nyumbani akiwa hai.